Mpira wa kulishia na mgonjwa asiyeweza kusema panapomuuma

Mwezi huu safu hii imepokea barua kadhaa kutoka pande mbalimbali za Dar es Salaam zinazozungumzia jambo moja: mgonjwa aliyeumia ubongo vibaya, anayelishwa kwa mpira nyumbani, na ndugu wanaojiuliza watatambuaje kwamba mpira huo umeleta madhara. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya zile nyingine yanaiegemea.

SWALI: Shikamoo Sista. Kaka yangu mwenye miaka 29 aligongwa na gari akiendesha bodaboda miezi minane iliyopita, akapasuliwa kichwa, na tangu hapo anafungua macho lakini haongei wala hafuati tunachomwambia. Aliwekewa mpira wa kulishia tumboni, nasi tukafundishwa kumlisha kabla ya kuruhusiwa. Mwezi uliopita alianza kukakamaa mikono na miguu kuliko kawaida yake, akawa anatoka jasho jingi hasa tunapomlisha, kisha akapata homa. Tulidhani ni malaria tukampa dawa. Siku ya sita chakula kilianza kutokea pembeni ya mpira. Hospitali tuliambiwa kisahani cha ndani kimezama kwenye ukuta wa tumbo na pameshatunga usaha. Sasa amewekewa mpira mwingine na anaendelea vizuri, lakini mama analia kwamba mwanawe aliteseka siku sita mbele ya macho yetu. Je, tungeweza kujua mapema, ilhali yeye hawezi kusema?
Dada wa mgonjwa, Mbagala

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na umpe mama pole nyingi kwa niaba yangu. Nianze na jambo ambalo ningependa yeye alisikie kwanza: kaka yako alisema. Kule kukakamaa kuliko kawaida na lile jasho la wakati wa kulishwa ndiyo yaliyokuwa maneno yake, nanyi mliyaona na kuyakumbuka vizuri kiasi cha kuweza kuniandikia yalianza lini na yalikuja saa gani. Aliyekosekana ni mtu wa kuwaeleza maana yake. Sisi wauguzi, tunapomruhusu mgonjwa wa aina hii, aghalabu tunawafundisha ndugu namna ya kumimina uji na kuosha tundu, tukaacha kuwafundisha namna ya kumsoma mgonjwa mwenyewe. Pengo hilo ni letu, si la mama.

Mtu mwenye fahamu zake kamili mpira ukimbana husema panamuuma, huweka mkono pale, hukataa kulishwa. Aliyeumia ubongo vibaya hunyang'anywa njia hizo zote. Namzungumzia yule ambaye siku za mwanzo alipata alama 8 au pungufu katika kipimo cha Glasgow, ambacho hospitali zimekuwa zikikitumia tangu mwaka 1974 kupima kina cha kupoteza fahamu. Mgonjwa huyo anaweza hata kupoteza kikohozi, ambacho ndicho mlinzi wa mapafu. Hata hivyo sehemu za ubongo zinazoendesha mapigo ya moyo, pumzi, jasho na mkazo wa misuli mara nyingi hubaki zikifanya kazi, na maumivu yanapofika huko hujitokeza kwa njia hizo.

Najua wapo wanaowaambia ndugu kwamba mgonjwa wa namna hii hasikii chochote, kwa hiyo wasijisumbue. Siwezi kuwaunga mkono. Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za mwanamke kijana aliyeumia ubongo katika ajali ya gari na ambaye kwa vipimo vyote vya kitandani alionekana hana ufahamu. Walipomwomba, akiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ajifikirie anacheza tenisi, sehemu za ubongo wake ziliitikia kama za mtu mzima wa afya. Hiyo haina maana kwamba kila mgonjwa yuko hivyo. Ina maana kwamba kukaa kimya kwa mgonjwa hakutoshi kuwa ushahidi kwamba haumii, na mimi nikiwa kando ya kitanda huchukulia kwamba anaumia mpaka nipate sababu ya kuamini vinginevyo.

Ndiyo maana mwaka 2010 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza kipimo maalumu cha maumivu kwa wagonjwa hawa, kikaboreshwa mwaka 2012. Kinaangalia mambo matatu tu: viungo vinafanya nini, sauti gani inatoka, na uso unakuwaje. Huhitaji karatasi ya kipimo kuyaona hayo nyumbani. Paji la uso linakunjamana? Meno yanasagana? Analalama au kuguna pale ambapo huwa kimya? Mkono unajivuta unapogusa tumbo? Ongeza hapo mapigo ya moyo, ambayo kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na pumzi, ambazo huwa kati ya 12 na 20. Zihesabu kwa dakika nzima akiwa amelala, bila kumshika.

Baadhi ya walioumia ubongo hupata vipindi ambavyo moyo hukimbia, pumzi huenda mbio, joto hupanda, jasho humwagika na viungo hukakamaa, vyote kwa pamoja. Chanzo kinaweza kuwa jeraha la ubongo lenyewe, lakini mara nyingi kipindi huamshwa na kitu kinachoukera mwili, na kabla ya kusema "ni ubongo wake tu" ni lazima kitu hicho kitafutwe. Mfunue mgonjwa umtazame mwili mzima. Kibofu kimejaa, au mpira wa mkojo umejikunja? Amekaa siku ngapi bila choo? Kuna kidonda cha kulalia mgongoni au kisiginoni? Ukucha umeingia nyamani? Na mpira wa kulishia ukoje? Kwa kaka yako jibu lilikuwa limejionyesha, kwa kuwa jasho lilikuja hasa wakati wa kulishwa. Dalili inayofuata saa ya chakula inauelekeza mkono wako kwenye mpira kabla ya kwenda kwingine.

Sasa niueleze mpira wenyewe, maana ukiujua ulivyo ndani utaelewa kwa nini uliasi. Njia ya kuuweka bila kupasua tumbo ilichapishwa mwaka 1980 na madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky wa Cleveland, Marekani. Daktari huingiza kamera kwa mdomo hadi kwenye mfuko wa chakula, kisha mpira hupitishwa ukutani mwa tumbo. Kwa ndani unazuiwa na kisahani laini au puto dogo la maji, na kwa nje kuna kisahani kingine kinachouzuia usizame. Ngozi na ukuta wa mfuko wa chakula hukaa kati ya visahani hivyo viwili. Kisahani cha nje kikikazwa sana, au mgonjwa akinenepa kwa lishe nzuri na hakuna aliyekilegeza, kile cha ndani kinavutwa na kuubana ukuta wa tumbo usiku na mchana, kinauchimba polepole, kisha nyama inakua juu yake na kukifunika. Hilo ndilo lililompata kaka yako. Huanza kimya kimya, na mara nyingi mpira huwa umekwisha kutoa ishara kabla ya homa: uji unakuwa mzito kuingia ingawa haujabadilika, maji yanarudi, chakula kinachuruzika pembeni, na, iliyo kubwa kuliko zote, mpira haugeuki tena wala hausogei ndani.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mlo wa kwanza, nawa mikono na ufanye hivi. Soma namba ya sentimita iliyochapwa kwenye mpira pale unapotokea kwenye ngozi, uilinganishe na ya jana. Namba ikiwa imebadilika bila mtu kuugusa, mpira umetembea. Angalia kama kati ya kisahani cha nje na ngozi kuna nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja. Geuza mpira mzunguko mmoja kamili kwa vidole viwili. Unapaswa kuzunguka bila kugoma. Jeraha likishapona, mara moja kwa wiki legeza kisahani cha nje, usukume mpira ndani sentimita 2 au 3, kisha urudishe pale pale. Msifanye hivyo kabla ya kuelekezwa na aliyeuweka, na kamwe msiugeuze ule wa aina inayopitia tumboni hadi kwenye utumbo mwembamba, kwa sababu utajisokota. Kama wa ndani ni puto, maji yake yapimwe kila wiki kwa bomba la sindano. Yakitoka pungufu sana kuliko kiasi kilichoandikwa, puto linavuja na mpira utachomoka siku yoyote.

Kisha tazama ngozi. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini wekundu huo vimeuona kwenye ngozi nyeupe. Kwetu sisi uvimbe unaoanza hujionyesha kwa ngozi kuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake au kung'aa kama iliyopakwa mafuta, na kwa joto unalolisikia ukiweka mgongo wa mkono, na kwa ugumu unaousikia ukibonyeza taratibu huku ukimtazama usoni. Usaha na harufu huja baadaye. Kinyama chekundu kibichi kinachochomoza kwenye ukingo wa tundu na kutoa damu kidogo kikiguswa si cha kuogopesha, ingawa kinahitaji kuonwa kliniki.

Kuhusu malaria nawaelewa kabisa, kwa sababu katika jiji hili homa ikiingia nyumbani mkono wa kwanza huenda kwenye dawa ya malaria. Kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira naomba mkono huo uzuiliwe. Pimeni kwanza, na kipimo cha haraka kikionyesha hakuna vimelea, tazameni sehemu tatu ambazo homa yake hupenda kutoka: mapafu, mkojo na tundu la mpira. Hata kama kipimo kikionyesha malaria, mtazameni vilevile, kwa maana hakuna kinachozuia maradhi mawili kuja pamoja.

La mwisho kwako ni daftari la shule la kawaida. Andikeni kila siku saa ya mlo, kiasi kilichoingia, namba ya sentimita, choo, joto, pumzi, na neno moja juu ya jinsi alivyokuwa: ametulia, amekakamaa, ametoka jasho. Baada ya wiki mbili mtakuwa mnaijua kawaida yake, na dalili kwa mgonjwa wa namna hii haina maana nyingine ila kuachana na kawaida yake mwenyewe. Daktari anamwona kwa dakika chache. Mama anayemwogesha kila siku anamjua kuliko sisi sote, na daftari ndilo litakalompa ushahidi akiambiwa kwamba hakuna kitu. Niliwahi kumwona mama mmoja akifungua daftari lake mbele ya madaktari wodini na kusema, "Tangu Jumatano amekuwa akihema mara 28, na zamani zilikuwa 16." Walimsikiliza, wakampiga eksirei ya kifua siku hiyo hiyo.

SWALI: Mke wangu alipatwa na kiharusi kikubwa, hajui kinachoendelea na hawezi kumeza. Ana mpira wa puani. Mhudumu mmoja alinifundisha kwamba kabla ya kumlisha nisukume hewa kwa bomba la sindano nikisikiliza tumboni, na mwingine akasema nitumbukize ncha ya mpira kwenye glasi ya maji nione kama yanatoka mapovu. Kipi ni sahihi?
Mume wa mgonjwa, Kigamboni

JIBU: Ndugu yangu, hakuna kilicho sahihi kati ya hivyo viwili, na nakuomba uviache vyote. Sauti ya hewa husafiri, hivyo mtu anaweza kusikia mlio tumboni ilhali ncha ya mpira iko kwenye umio au ndani ya pafu. Idara ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza iliziagiza hospitali za huko mwaka 2005 ziache kuutegemea mlio huo, baada ya wagonjwa kumiminiwa chakula mapafuni. Mapovu nayo hayategemeki, kwa sababu mpira ulio tumboni unaweza kuyatoa na ulio pafuni unaweza usiyatoe.

Mpira ukiwekwa mara ya kwanza kwa mgonjwa asiye na fahamu, eksirei ndiyo inayotoa uhakika. Baada ya hapo, kila kabla ya mlo, vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano uyaweke kwenye karatasi maalumu ya kupimia asidi, ile yenye rangi na namba, ambayo unaweza kuiulizia kwenye maduka ya vifaa tiba. Namba ikiwa 5.5 au chini yake, majimaji yametoka kwenye mfuko wa chakula. Karatasi ya litimasi ya shuleni haitoshi kwa kazi hii. Ikiwa mkeo anatumia omeprazoli au dawa nyingine inayopunguza asidi, namba inaweza kupanda ingawa mpira uko mahali pake, kwa hiyo muulize daktari mapema mtakuwa mnafanyaje, badala ya kukisia usiku wa manane.

Majimaji yasipovutika, mlaze ubavu wa kushoto, sukuma hewa mililita 10 hadi 20 ili ncha ya mpira ijiondoe ukutani, subiri robo saa, kisha ujaribu tena. Yakikataa, usimlishe. Mlo mmoja uliochelewa hauna madhara yanayolingana na mlo mmoja ulioingia mapafuni. Weka pia alama ya kalamu kwenye mpira pale unapoingilia puani, na upime upya kila anapotapika, anapokohoa sana, au unapokuta alama imesogea.

Mpira wa puani ukichomoka usiurudishe mwenyewe, hata kama umeona ukiwekwa mara kumi. Kwa mgonjwa wa kiharusi unaweza kuingia kwenye njia ya hewa bila yeye kukohoa, na kwa waliopasuka mfupa wa chini ya fuvu kwenye ajali kuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu mpira unaweza kupenya hadi kwenye ubongo. Nalitaja hili kwa ajili ya wasomaji wengine ambao wagonjwa wao waliumia kichwa.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Chakula kinaweza kumwingia mapafuni hata kama mpira umekaa vizuri kabisa, kwa kurudi juu kutoka tumboni, na mkeo anaweza asikohoe hata kidogo. Mlishe akiwa ameinuliwa kichwa na kifua nyuzi 30 hadi 45, mwache hivyo kwa muda wa dakika 30 hadi 60 baada ya mlo, na tumia mito ya kumzuia asiteleze, kwa kuwa mgonjwa aliyeteleza hadi katikati ya kitanda ni sawa na aliyelala chali. Ukisikia mkoromo wa majimaji kooni mwake, ukiona pumzi zimepanda, midomo au kucha zinabadilika rangi, au makohozi yana rangi ya uji, simamisha chakula hapo hapo umwahishe hospitali. Jioni ya homa baada ya mchana wa kutapika ni nimonia mpaka daktari aseme siyo. Na kila unapombadilishia plasta, angalia ndani ya tundu la pua kama kuna kidonda, kwani mpira unaolala mahali pamoja huchubua. Ikiwa itaonekana ataendelea kuuhitaji kwa zaidi ya wiki nne hadi sita, zungumza na daktari wake kuhusu kuhamia ule wa tumboni.

SWALI: Mpira wa baba yangu huziba mara kwa mara. Jirani amenishauri nimimine soda. Pia tangu wiki iliyopita ameanza tena kupata degedege, wakati dawa tunampa kama kawaida kwa kuzisaga. Je, mambo haya mawili yanahusiana?
Binti wa mgonjwa, Tandika

JIBU: Mwanangu, umefanya vizuri sana kuyaweka mawili hayo katika barua moja, kwa sababu yanaweza kuwa jambo moja. Dawa ya kuzuia degedege iliyosagwa hunata ndani ya mpira, mpira unaziba, na ile iliyonata ndiyo ambayo baba hakuipata. Mgonjwa akitapika nusu saa baada ya dawa, amepoteza dozi vilevile. Tena baadhi ya dawa hizi zina tabia zake: fenitoini hushikana na chakula cha mpira na kiasi kinachofika kwenye damu hupungua, ndiyo maana huachwa pengo la saa moja au mbili kabla na baada ya mlo. Vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole kwa siku nzima havipaswi kusagwa kamwe, kwa kuwa ukivisaga dozi yote hufika kwa mara moja, kisha inakuwa haipo tena. Chukua dawa zote za baba, pamoja na maboksi yake, umwonyeshe mfamasia wa hospitali anakotibiwa na umwambie wazi kwamba zinapitia kwenye mpira. Mara nyingi kuna ya maji inayoweza kuchukua nafasi ya kidonge. Na degedege iliyorudi haingoji siku ya kliniki, mpeleke sasa. Akikaa kwenye degedege zaidi ya dakika tano, hiyo ni dharura.

Soda uiache. Haizidi maji ya uvuguvugu kwa kuzibua, na asidi yake hugandisha maziwa na protini nyingine zilizomo ndani, ukajikuta umeongeza kizibo. Chukua bomba la sindano la mililita 50 au 60, kwa sababu lile dogo husukuma kwa nguvu kali inayoweza kupasua mpira. Vuta kwanza, kisha sukuma maji ya uvuguvugu taratibu, vuta tena, uyaache yakae dakika kadhaa huku ukiuminyaminya mpira kwa vidole. Usiingize waya wala kijiti. Ukikataa kabisa, usisahau swali la barua ya kwanza: je, bado unageuka? Mpira unaoziba na pia haugeuki haujazibwa na uji.

Kwa kuzuia, pitisha maji yapatayo mililita 30 kabla na baada ya kila mlo na dawa, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji, na kila dawa ipite peke yake na maji yake. Uji wa lishe upitishe kwenye blenda kisha kwenye chujio la chai, hata kama unaonekana laini.

SWALI: Mpira wa tumboni wa mwanangu ulichomoka, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliwekewa mpira wa mkojo katika tundu lile lile. Siku mbili baadaye akaanza kutapika, na sasa anahara. Ninaogopa.
Mama wa mgonjwa, Kimara

JIBU: Mama, nenda naye hospitali leo, jibu hili ulisome ukiwa njiani.

Mpira wa mkojo hutumika kulilinda tundu lisijifunge, nami siwalaumu waliouweka, kwa sababu tundu la tumboni huanza kusinyaa ndani ya saa chache tu. Lakini hauna kisahani cha nje. Tumbo linapojikaza kusukuma chakula, huukamata kwa puto lake na kuuvuta ndani, na puto likifika kwenye mlango wa kutokea tumboni huuziba, ndipo mgonjwa hutapika. Angalia sasa hivi: je, urefu ulio nje umepungua kuliko siku ulipowekwa? Kama ni hivyo, waambie hivyo hivyo mapokezi, kwamba mpira umevutwa ndani, wala usiseme tu kwamba mtoto anatapika. Usimlishe chochote kwa sasa.

Kuhara kuna sababu nyingi nyepesi: antibayotiki, dawa za maji zenye utamu, chakula kilichomiminwa haraka, au uji uliokaa. Chakula cha kupika nyumbani kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto la Dar es Salaam, na umeme ukikatika kwa muda mrefu kile cha kwenye friji kimwagwe. Hata choo kigumu kilichokwama kinaweza kufanya majimaji yachuruzike pembeni yakaonekana kama kuhara. Ila kuhara kulikoanza mara tu baada ya kubadilishwa mpira, tena kukiwa na chakula ambacho hakijasagika, au harufu ya kinyesi ikitoka kwenye mpira wenyewe, kunaweza kuonyesha kwamba mpira umepita kwenye utumbo mpana, na hilo lazima daktari alithibitishe kwa picha.

Kwa saa 72 baada ya mpira wowote wa tumboni kuwekwa au kubadilishwa, mambo haya hayasubiri kesho: tumbo kuwa gumu kama ubao, mtoto kukunja uso au kukakamaa unapomlisha, homa, damu, au chakula kuvuja. Chakula kinaweza kuwa kinaingia nje ya mfuko wa tumbo, kwenye utando unaofunika matumbo. Mpira ukichomoka kabla ya wiki nne tangu uwekwe mara ya kwanza, asiurudishe mtu yeyote nyumbani, kwa kuwa tumbo bado halijashikamana na ukuta wa nje. Funika tundu kwa kitambaa safi, uchukue mpira uliochomoka, hata kama umekatika, uende nao ili waone ukubwa wake na wahakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani. Beba na daftari, kama unalo. Kama huna, andika nyuma ya kadi ya kliniki saa aliyotapika mara ya kwanza na mara ngapi tangu hapo, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.